Ukikabidhiwa Debian na FreeBSD kwa Pamoja

Wewe unayeanza kutunza kwa pamoja Debian (ya Linux) na FreeBSD, mifumo endeshi miwili ya seva, mapema tu utatamani kuifananisha. Umezoea Debian, mipangilio iko /etc. Unaingia FreeBSD, unakuta ya nginx (seva ya wavuti) iko /usr/local/etc/nginx, na mkono unakuwasha kuunda kiungo (symlink) ili njia ziwe zilezile. Tafadhali, usikiunde.

Mpangilio wa FreeBSD una sababu. Kerneli (kiini cha mfumo) na programu za msingi hutengenezwa na kutolewa pamoja kama mfumo mmoja, na mipangilio yake hukaa /etc. Ulichoongeza kwa vifurushi hukaa chini ya /usr/local. Kwa hiyo ukifungua /usr/local/etc unaona moja kwa moja kilichoongezwa juu ya mfumo. Debian haina mpaka huo kwa kuwa kila kitu, hata kerneli, ni kifurushi. Huko /usr/local ameachiwa msimamizi. Viungo vyako vitafuta habari hiyo, na atakayekuja baada yako hatajua tena lipi ni la nani. Soma man hier (mwongozo wa mpangilio wa saraka) pande zote mbili kabla ya kugusa chochote.

Hata Debian yenyewe ilipojaribu ndoa hii haikugawana nusu kwa nusu. Debian GNU/kFreeBSD, iliyotolewa kwa majaribio na Debian 6.0 mwaka 2011, ilichukua kerneli ya FreeBSD, lakini maktaba za GNU (mradi wa programu huria), dpkg (kisimamizi cha vifurushi) na mpangilio wa saraka vikabaki vya Debian.

Basi acha kila mfumo ufuate desturi yake, na tofauti zote uziandike katika faili moja ya vigezo: njia ya mipangilio, jina la mtumiaji wa seva ya wavuti (www-data Debian, www FreeBSD), jina la kigezo cha kerneli cha kupitisha pakiti (net.ipv4.ip_forward Debian, net.inet.ip.forwarding FreeBSD). Skripti zisome humo. Kuwasha na kuzima huduma hakuhitaji kigezo, kwani service nginx restart inakubalika kotekote; kuiwezesha ijiwashe yenyewe ndiko kunakotofautiana, systemctl enable Debian, sysrc FreeBSD. Na /etc/defaults/rc.conf ya FreeBSD usiihariri kamwe, andika kwenye /etc/rc.conf.

Umiliki wa faili ndio ninaokuomba uuangalie kuliko yote. FreeBSD haina kikundi kiitwacho root, kinaitwa wheel, hivyo chown root:root (amri ya kubadili mmiliki na kikundi) itakataa. Andika chown 0:0. Namba hazibishani. Mkishirikiana mafaili kwa NFS ya kawaida (njia ya kushiriki mafaili kupitia mtandao), ruhusa hufuata namba, si jina: mtumiaji wa kwanza wa Debian huwa 1000, wa FreeBSD kwa kawaida 1001, na mtu yuleyule anaweza kujikuta hamiliki mafaili yake. Panga namba kabla ya kuunda akaunti, maana kuzibadilisha baadaye ni kazi chafu.

Skripti zianze na #!/bin/sh, kwa sababu bash (ganda la amri), kama ipo, FreeBSD huiweka /usr/local/bin. sed -i (amri ya kuhariri faili moja kwa moja) nayo ni mtego: FreeBSD inadai kiambishi cha jina la nakala ya akiba mara tu baada ya -i, ya GNU iliyo Debian haidai. Badala ya -i, peleka matokeo kwenye faili ya muda, kisha yarudishe kwa cat badala ya mv, ili mmiliki na ruhusa za faili ya awali zibaki.