Jeni imewaka au imewashwa? Na mmea umeota au umerefuka?

SWALI: Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Mukono, Uganda. Wanafunzi wa klabu yetu, wakisaidiwa na mwalimu wa biolojia, wameandika makala ya jarida la ukutani kuhusu mimea inavyojirekebisha hali ya hewa inapopata joto. Sentensi moja imetugawa: "Jeni imewaka na joto, mmea ukaota haraka." Mwenzangu anataka "imewashwa na joto". Mimi nina shaka hata na "ukaota". Tuandikeje?

JIBU: Mwalimu, shaka yako ina msingi, na mwenzako naye amegusa jambo la kweli. Kuwaka ni kitenzi kisichobeba mtenda. Taa imewaka, moto umewaka. Ukitaka kutaja sababu utasema "kwa", si "na". Kwa hiyo "imewaka na joto" ina kasoro ya sarufi hata kabla hatujafika kwenye biolojia. "Imewashwa na" inaondoa kasoro hiyo, lakini inaleta wajibu mpya: neno linalofuata "na" katika kauli ya kutendwa lazima liwe la mtenda mwenyewe. Je, joto ndilo linaloiwasha jeni?

Hapo ndipo tunahitaji kujua kinachotokea ndani ya mmea. Watafiti wameuchunguza zaidi mmea mdogo uitwao Arabidopsis thaliana. Ukihamishwa kutoka nyuzi 22 za Selsiasi hadi 28, joto ambalo haliuunguzi wala kuunyausha, mche wake hubadili umbo. Protini inayofanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa inaitwa PIF4. Hushika sehemu za mwanzo za jeni fulani, zikiwemo zinazosaidia kutengeneza auksini, homoni inayochochea seli za mmea kurefuka, na jeni hizo hunakiliwa kwa wingi zaidi, yaani maagizo yake husomwa zaidi. Kwenye mwanga, kwa kawaida PIF4 huwa chini ya mkandamizo wa protini nyingine, fitokromu B, ile ile inayouwezesha mmea kuhisi mwanga mwekundu. Mwaka 2016 makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa kutoka Argentina na jingine kutoka Uingereza, yalionyesha kwamba fitokromu B huhisi joto pia: kadiri joto linavyopanda, ndivyo inavyorudi upesi katika umbo lisilotenda kazi, na PIF4 ikabaki huru.

Basi mtenda ni PIF4. Joto ni sababu iliyo nyuma yake, hatua mbili kabla. Kiswahili kina nafasi ya kila mmoja: jeni zimeamshwa *na* PIF4 *kwa sababu ya* joto. Ukiandika "na joto" unaruka hatua zote za katikati, na hizo ndizo somo lenyewe. Katika kichwa cha habari "Joto laamsha jeni" ningeikubali bila ubishi. Katika maelezo ya sayansi, hapana.

Tazama pia fitokromu B yenyewe, maana sarufi yetu inaieleza vizuri ajabu. Mwanga mwekundu huigeuza iwe tendaji. Hapo tunasema *imegeuzwa na* mwanga. Kurudi katika umbo lisilotenda hakuhitaji mtu wala kitu cha kuisukuma. Hugeuka yenyewe, na joto huharakisha tu. Hapo tunasema *imegeuka*. Viambishi viwili, -zwa na -ka, vinabeba tofauti ambayo mwanafunzi angehitaji aya nzima kuieleza. Ningependa sana wanafunzi wako waione hiyo.

Kuhusu kuwasha: sikipendi kwa jeni, kwa sababu mbili. Kwanza, kuwashwa ni pia kusikia mwasho mwilini ("nawashwa mgongo"), na msomaji anayeanza atababaika. Pili, taa huwaka au huzimika, ilhali jeni nyingi zinazohusika hapa tayari zilikuwa zikifanya kazi kidogo kwenye baridi. Joto likipanda zinafanya kazi zaidi. "Hunakiliwa zaidi" ndiyo kauli sahihi kabisa. Kama wasomaji ni wa kidato cha kwanza, "huamshwa" itatosha.

Sasa "ukaota". Kuota kwa mmea ni kuchomoza kutoka kwenye mbegu au ardhini. Mche unaozungumziwa ulikwisha kuota. Tena kwa wanafunzi wenu wanaozungumza Luganda, kuota karibu na neno joto kutawapeleka moja kwa moja kwenye *okwota omuliro*, na Kiswahili nacho kina kuota moto na kuota jua. Mmea "ulioota kwa joto" utaonekana umekaa mekoni! Kumea nako, kama *okumera* ya Luganda, kunaelekea huko huko kwenye kuchipuka.

Kukua kungekuwa afadhali, lakini bado si kwenyewe. Kwenye nyuzi 28 mche wa Arabidopsis haunenepi. Shina changa lililo chini ya majani ya kwanza hurefuka, vikonyo vya majani hurefuka, na majani huinuka kutoka ardhini na kuwa membamba. Kwa sehemu kubwa ni seli zilizopo kurefuka, si seli mpya kuongezeka. Mmea pia unaweza kuchanua mapema. Inadhaniwa kwamba umbo hilo lililo wazi huuachia upepo nafasi ya kuupoza. Kitenzi chenu ni *kurefuka*. Ukisema "umekua haraka", mkulima wa Mukono atasikia habari njema ya mavuno, na hiyo siyo habari iliyoandikwa.

Kama makala inaeleza jaribio moja lililofanyika, -ka- inafaa kufuatanisha matukio: "Halijoto ilipopanda, fitokromu B ikageuka, PIF4 ikabaki huru, jeni za auksini zikanakiliwa zaidi, shina likarefuka." Kama mnaeleza jambo la kawaida la mimea, tumieni hu-: "Halijoto inapopanda, fitokromu B hugeuka upesi, PIF4 hubaki huru, jeni za auksini hunakiliwa zaidi na shina hurefuka."

Nimeandika "halijoto" kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayopimwa kwa nyuzi; "joto" liachwe kwa hali inayohisiwa.

Jambo la mwisho la kuangalia kabla hamjabandika makala: PIF4 ni jina la protini na pia la jeni inayoitoa, na jeni hiyo nayo hunakiliwa zaidi kukiwa na joto. Kwa hiyo msiandike "PIF4 huongezeka" bila nomino mbele yake. Andikeni "protini ya PIF4" au "jeni ya PIF4", kila mara, hata kama sentensi itaonekana ndefu.