Simuleta hujengwa au huundwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Nkuhungu, Dodoma. Nimekuwa nikijitengenezea nyumbani simuleta ya mbio za magari, yaani chombo cha kuigizia uendeshaji wa gari kwenye gemu: fremu ya skwea paipu, kiti nilichokitoa kwenye gari chakavu, usukani na pedeli za gemu. Nilipowatumia rafiki zangu picha nikaandika, "Nimejenga simuleta yangu mwenyewe." Wakanicheka, wakasema kinachojengwa ni nyumba. Mmoja akaniambia niandike "nimetengeneza", mwingine "nimeunda". Nani yuko sahihi? Tena, nikikaa pale naendesha gari au nacheza gari?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki zako wana haki ya kukukosoa, ila kukucheka hawakupaswa, kwa sababu kosa hilo hukulianzisha wewe. Limeteremka kwako kutoka kwa watu wenye ofisi na mihuri, na hao nitawafikia.

Jibu lenyewe ni hili: umeunda. Kutengeneza si kosa, lakini ni neno la mitaa miwili. Redio iliyokufa hutengenezwa ikapona, na chai hutengenezwa ikanywewa. Ukisema "nimetengeneza simuleta", msikilizaji ana haki ya kuuliza kwani ilikuwa imeharibika nini. Kuunda hakuna utata huo. Mwenye kuunda amekusanya vipande visivyojuana, akavipima, akavikata, akaviunga, mpaka kikasimama chombo ambacho jana hakikuwapo. Neno hilo tumelizoea zaidi kwa mafundi wa pwani, maana mashua na majahazi huundwa. Na usukani unaoushika nao umetoka baharini: ni neno la asili ya Kiarabu, na kwanza lilikuwa la kile kibao cha nyuma kinachoelekeza chombo majini. Kwa hiyo ukisema Nkuhungu, mbali kabisa na bahari, kwamba umeunda chombo chenye usukani, hujapotoka hata hatua moja kwenye njia ya maneno hayo.

Sasa tuje kwenye kujenga. Kujenga ni neno letu la asili, lina ndugu katika lugha nyingi za Kibantu, na kazi yake ni kuinua kitu kikae mahali pake: nyumba, ukuta, daraja, boma. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huzibwa, ukuta hujengwa. Vitenzi viwili ndani ya sentensi fupi, na hakuna hata kimoja kilichoingia shamba la mwenzake. Ndivyo Kiswahili kilivyogawa kazi za mikono. Chungu hufinyangwa na kinu huchongwa. Jembe hufuliwa na mhunzi. Ukili husukwa kwanza, kisha mkeka ukashonwa kwa ukili huo. Ngoma huwambwa ngozi. Ilimba za Wagogo, zile alizozisikilizisha dunia marehemu Hukwe Zawose, huchongwa kisanduku cha mbao kisha zikapangiwa ndimi za chuma juu yake. Hata tembe, ambayo kwa ujumla wake imejengwa, ukiikaribia utakuta nguzo zilisimikwa na kuta zikakandikwa udongo. Anayejua vitenzi hivi anaijua kazi kabla hajaiona. Anayesema "kujenga" kwa vyote hivyo amekunyima kazi yenyewe, amekupa kelele yake.

Na hapa, mwanangu, barua yako imenipa nafasi niliyoitafuta siku nyingi. Kosa lako ni tawi dogo. Shina lake ni "kujengewa uwezo".

Dodoma ni jiji rasmi tangu 2018. Serikali ilianza kuhamia kwa kishindo 2016, ingawa uamuzi wa kuufanya mji huu makao makuu ni wa 1973. Mtumba kumejengwa, Ihumwa kunajengwa, na mafundi wa zege wa jiji hili wana kila haki ya kulitumia neno hilo asubuhi hadi jioni. Lakini pamoja na ofisi zimekuja semina, na pamoja na semina umekuja usemi huu unaonikosesha usingizi. Chukua sentensi ambayo kwa sura hii au ile utaikuta kwenye taarifa za kila wiki: "Wakulima wa zabibu wamejengewa uwezo." Nakuomba ukae na sentensi hiyo kwa utulivu. Wakulima hao walifanyiwa nini? Walifundishwa kupogoa mizabibu? Walionyeshwa jinsi ya kuchanganya dawa ya ukungu na siku ya kuinyunyiza? Walielezwa bei? Walikopeshwa fedha? Waligawiwa miche? Kila moja ya kazi hizo ina kitenzi chake cha Kiswahili, safi, kinachoeleweka na mkulima mwenyewe wa Hombolo. "Kujengewa uwezo" kimevifukia vyote, na msomaji anamaliza taarifa hajui kama wakulima walirudi nyumbani na elimu, na mbolea, au na soda tu.

Sarufi yake ni mbaya zaidi ya maana yake. Sikiliza: kujenga, kujengea, kujengewa. Mtu akisema "nimejengewa nyumba", tunaelewa kwamba wengine wamebeba tofali, wengine wamekoroga zege, naye akakabidhiwa ufunguo. Nyumba ni yake, jasho si lake. Sasa mkulima aliyezaliwa shambani, ambaye babu yake aliutambua mwezi wa mvua kwa kutazama jani la mti, anaandikwa kana kwamba uwezo ni kibanda alichosimamishiwa kichwani na mgeni wa siku mbili. Ni usemi wa kumdharau mtu, na wanaouandika hawakukusudia dharau, jambo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu ina maana lugha yao inatukana bila wao kusikia. Sema "wamefundishwa", na papo hapo swali linazaliwa: wamejifunza nini? Sema "wamezoezwa", na swali jingine linakuja: je, wanaweza? "Wamejengewa uwezo" haizai swali. Inaishia kwenye idadi ya washiriki na picha ya pamoja.

Linganisha na kazi yako. Najua kwa nini watu wa gemu za mbio huishia kuunda fremu. Usukani mzuri wa gemu una mota ndani yake inayousukuma dhidi ya mikono yako, ili uhisi tairi zinavyopambana na barabara. Ukiufunga kwenye meza ya kawaida, meza yote inatikisika. Ukikanyaga breki umekalia kiti cha ofisi chenye magurudumu, kiti kinarudi nyuma na mguu unaifuata pedeli hewani. Zipo breki zinazopima nguvu ya mguu, si umbali ambao pedeli imeshuka, na hizo hukanyagwa kwa nguvu kama breki za gari la kweli. Pasipo fremu moja inayoshika kiti, pedeli na usukani kwa pamoja, hazikufai kitu. Huko ndiko kuunda: vitu vitatu vilivyokuwa vikikimbiana umevifanya chombo kimoja. Na ukitaka kusimulia zaidi, usirudie "kuunda" kila mstari. Paipu ulizikata, miguu ukaichomelea, ukatoboa matundu ya reli za kiti, usukani ukaufunga kwa bolti na nati. Wenye kutumia alumini yenye mifereji hawachomelei kitu; wao hufunga, na wakitaka kusogeza pedeli hulegeza nati wakasogeza. Fundi akisoma maelezo yako yenye vitenzi hivyo anaweza kukuundia nyingine bila kuja kuiona. Akisoma "nilijenga fremu, nikajenga kiti, nikajenga pedeli", itabidi afunge safari.

Chombo chenyewe kina somo kwa watu wa semina. Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, aliunda mashine ya kufundishia urubani mwaka 1929. Alitumia mivukuto na pampu za vinanda kuiyumbisha na kuiinamisha mithili ya ndege, na mwaka 1934 jeshi la Marekani likaanza kuzinunua. Rubani mwanafunzi aliketi ndani, akashika mwenyewe, akakosea mwenyewe, akarudia. Alizoezwa, naye akajifunza. Simuleta zote, pamoja na yako, zimesimama juu ya ukweli huo kwamba uwezo hukua ndani ya mikono na miguu ya mwenye kufanya. Hakuna aliyemsimamishia.

Sitaki unielewe kwamba kujenga kusitoke kabisa nje ya nyumba. Tunajenga mwili kwa chakula, tunajenga hoja kwa kupanga sababu moja juu ya nyingine, na tangu 1963 tuna Jeshi la Kujenga Taifa, jina ambalo silibishii hata kidogo. Huko kuna kuinua, kuna msingi na kuna kupandisha kidogo kidogo. Neno limekwenda na maana yake likiwa nayo mkononi. Hata wanaosema "kujenga tovuti" nimechoka kugombana nao. Napenda "kuunda tovuti", nami nitaendelea kuandika hivyo, lakini wenye kujenga wamekuwa wengi na walau tovuti yenyewe inaonekana. Kwa "kujengewa uwezo" sitachoka, maana hapo kinachofichwa ni kazi ya mwalimu na akili ya mwanafunzi.

Kuna jambo umelifanya vizuri bila kuuliza, nami nataka ulijue. Umeandika "nikijitengenezea". Wapo wanaotaka kusema jambo hilo hilo wakaandika "jifanye mwenyewe", na hilo ni balaa, kwa sababu kujifanya ni kujisingizia hali usiyo nayo: kujifanya mgonjwa, kujifanya tajiri. Kujifanyia, kujiundia, kujitengenezea, kujishonea: hicho kiambishi "ji" pamoja na kauli ya kutendea ndivyo vinavyosema kwamba kazi umeifanya kwa mikono yako na kwa faida yako, bila kuongeza neno lolote. "Nimejiundia simuleta" ina maneno mawili tu, na imekamilika. "Simuleta" yenyewe iache ilivyo. Imeingia na chombo chake, imevaa irabu mwishoni, inatamkika, na wenzako wanaielewa.

Swali lako la pili halina mengi. Gemu huchezwa, gari huendeshwa, hata likiwa la kwenye skrini. "Nacheza gari" haisemi kitu, na "nachezea gari" ni ya mtoto mwenye gari la waya au la kopo. Wewe umekaa kwenye kiti, macho barabarani, usukani unavuta mikono na mguu uko juu ya breki. Sema "naendesha", na mwenye kukubishia mpe zamu akae yeye, kisha umuulize anafanya nini.