Wasomaji Wanauliza: Nimshukuruje mwalimu wa chekechea?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa miaka minne anamaliza mwaka wake wa kwanza chekechea. Alianza akilia mlangoni kila asubuhi, kaning'ang'ania nguo. Siku hizi anaingia darasani bila hata kuniaga. Nataka kumshukuru mwalimu wake, ila jamaa zangu wanasema kazi yake ni kuimba na kucheza tu, na mshahara analipwa. Nifanye nini kinachofaa?

JIBU: Mama, jamaa zako wameusikia wimbo, kazi iliyomo ndani yake hawajaiona. Mtoto wa umri huo hajui kusoma saa. Wimbo wa kukusanya vifaa ndio saa yake: ukianza, anajua mchezo unakaribia kwisha, na ana beti mbili tatu za kumalizia alichokuwa akijenga. Mwalimu akiukata mchezo ghafla, huambulia vilio vya watoto watano kwa mpigo. Udongo wa kufinyanga, shanga za kutunga na karatasi za kuchana navyo vina kazi yake. Vinakaza misuli ya vidole na kuzoeza kidole gumba kushirikiana na cha shahada, kabla penseli haijaletwa. Mtoto aliyeharakishwa kwenye penseli huishika kwa ngumi nzima, akachoka baada ya mstari mmoja, na kuandika kukamchukiza mapema.

Na machozi ya mlangoni hayakukauka yenyewe. Mwalimu mzoefu hamnyakui mtoto mikononi mwa mzazi. Hupiga magoti macho yao yakutane, humwita kwa jina, kisha humpa kazi ndogo ya mikono: "Njoo unisaidie kupanga vikombe." Mzazi naye huombwa aage mara moja na aende. Anayenyemelea kutoka mtoto asipoangalia huharibu kila kitu, maana kesho yake mtoto habanduki. Hajui mama atatoweka saa ngapi. Haya yote hufanyika mgongo umeinama, juu ya viti vya kimo cha goti, sauti ikishindana na darasa zima. Si ajabu mgongo na koo kuwa wa kwanza kulalamika.

Mwandikie barua, nusu ukurasa inatosha. "Wewe ni mwalimu bora" anaweza kuambiwa yeyote, basi iache. Sema mtoto alikuwaje, mwalimu alifanya nini hasa, na sasa mtoto anaweza nini. Kwa mfano: "Muhula wa kwanza alikuwa haachi nguo yangu. Ulimpa kazi ya kupanga vikombe kila asubuhi. Sasa anavua viatu na kuviweka mahali pake bila kuambiwa." Usimlinganishe na mwalimu mwenzake, kwani barua hupita mikono mingi. Weka tarehe na saini, kisha nakala mpelekee mwalimu mkuu. Barua iliyomo kwenye faili inaweza kumfaa mwalimu siku anapoomba kupandishwa cheo au kazi kwingine. Wazazi wengi huisahau hatua hii, nasi tunaipa uzito kuliko zawadi yoyote ya dukani.

Mtoto naye ana lake la kusema. Ukimuuliza "Unampenda mwalimu?" utapata "ndiyo" na mazungumzo yatakwisha. Muulize "Mwalimu hufanya nini mtu akilia?" na uandike jibu neno kwa neno, bila kusahihisha sarufi. Akichora, andika nyuma ya karatasi tarehe na alichosema amechora, la sivyo mwezi ujao hakuna atakayejua lile duara lenye miguu ni nani.

SWALI: Wazazi wa darasa letu tunataka kuchangishana zawadi. Tuepuke nini?

JIBU: Kwanza ulizeni ofisini kama shule ina utaratibu kuhusu zawadi, nyingine huweka kikomo, nyingine hukataza fedha taslimu. Wekeni kikomo kidogo cha mchango, kila mtu atoe anachoweza chini ya hapo, na kadi ibebe majina ya watoto wote, wa waliochanga na wasiochanga. Orodha ya nani katoa ngapi isimfikie mwalimu. Toeni baada ya ripoti za watoto kutoka, isije ikaonekana ni ya kununua alama. Gundi, rangi na mikasi ni wajibu wa shule. Msimpe mwalimu vifaa vya darasa mkaviita zawadi yake. Na mwalimu msaidizi, yule anayebadilisha nguo zilizolowa na kufuta makamasi, jina lake liwemo.

SWALI: Je, Siku ya Walimu Duniani inawahusu na wa chekechea?

JIBU: Inawahusu. Huadhimishwa tarehe 5 Oktoba, tangu 1994, kukumbuka pendekezo la mashirika ya Umoja wa Mataifa ya elimu (UNESCO) na ya kazi (ILO) la mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu, na pendekezo hilo linawataja walimu wa shule za watoto wadogo pamoja na wa msingi na sekondari. Kadi ya siku hiyo ni nzuri. Siku nyingine zote mfuateni mtoto kwa wakati, maana mzazi akichelewa nusu saa, mwalimu naye hawezi kuondoka. Mvalisheni suruali ya mpira kiunoni anayoweza kuishusha mwenyewe, na nguo za akiba mziandike jina, hadi soksi.