Macho ya Manjano, Choo Kilichopauka: Maswali Yenu Kuhusu Mirija ya Nyongo

Shikamoo daktari. Mke wangu ana miaka 42. Kwa mwezi mzima anaumwa chini ya mbavu za kulia, hasa akishakula vyakula vya mafuta. Macho yamekuwa ya manjano, anajikuna mwili mzima, na mkojo wake ni kama chai ya rangi iliyokolea. Ametibiwa malaria mara mbili na taifodi mara moja. Juzi altrasaundi ilionyesha vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, na mrija mkuu umetanuka hadi milimita 11, lakini ndani ya mrija hakikuonekana kijiwe. Wiki ijayo tunavuka kwenda Mwanza. Tuombe nini huko?
Msomaji, Nansio, Ukerewe

Marahaba, ndugu. Tunaanza na lisiloweza kusubiri wiki ijayo. Mama huyo akipata homa na kutetemeka, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Maumivu ya ubavu wa kulia, manjano na homa ya baridi vikikutana, maana yake usaha unajikusanya nyuma ya kizuizi na vijidudu vinaingia kwenye damu. Akianza kuchanganyikiwa au presha ikishuka, hali imeshakuwa mbaya sana. Safari ya meli ni saa kadhaa, kwa hiyo msipande kabla hajapimwa presha, kutundikiwa dripu na kuchomwa dozi ya kwanza ya antibiotiki hapohapo Nansio. Mara nyingi huwa ni seftriaksoni pamoja na metronidazoli. Dawa hizo zinanunua muda tu. Kinachoponya ni kuufungua mrija.

Kama hana homa, bado msichelewe. Mrija mkuu wa mtu wa umri wake kwa kawaida hauzidi milimita 6 au 7, hivyo 11 pamoja na manjano vinaonyesha wazi kwamba kuna kizuizi. Kutokuona kijiwe ndani ya mrija kusiwape matumaini. Altrasaundi huona vizuri vijiwe vya kwenye mfuko, lakini sehemu ya chini ya mrija hujificha nyuma ya hewa ya utumbo, na vijiwe vingi vya hapo haionyeshi kabisa. Ikirudiwa, asile kitu kwa saa 6 hadi 8 ili mfuko ujae nyongo na hewa ipungue.

Mkifika Mwanza, ombeni vipimo vya damu vitoke pamoja: bilirubini (rangi inayoleta manjano) yote na ile ya moja kwa moja, yaani iliyokwisha kupita kwenye ini, vimeng'enya vya ini na mirija ALP, GGT na ALT, picha kamili ya damu, figo, na INR inayopima kuganda kwa damu. Mrija ukiziba, bilirubini ya moja kwa moja ndiyo inayopanda, na ALP na GGT hupanda kuliko ALT. INR watu wengi huisahau. Bila nyongo utumbo haufyonzi vitamini K, na bila vitamini hiyo damu haigandi vizuri. Ikiwa juu, huchomwa vitamini K miligramu 10, kisha hupimwa tena kabla ya mtu yeyote kukata chochote.

Picha inayofuata, ikipatikana, ni MRCP, yaani MRI ya mirija ya nyongo. Haina mionzi. Mwambieni mpiga picha mapema kama ana chuma chochote mwilini. Kama angekuwa na manjano yasiyo na maumivu huku akikonda, tungetaka CT scan ya kongosho haraka, kwa sababu uvimbe wa kichwa cha kongosho au wa mrija wenyewe huanza hivyo.

Vijiwe vya kwenye mrija hutolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ERCP: kamera hupitishwa mdomoni hadi utumbo mwembamba, mlango wa mrija hupanuliwa kwa mkato mdogo, na vijiwe huvutwa kwa puto au kikapu cha waya. Haifanyiki kila hospitali, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa nauli. Hatari yake kubwa ni kongosho kuvimba. Kidonge cha diklofenaki au indometasini miligramu 100 kinachowekwa njia ya haja kubwa hupunguza hatari hiyo, na si vibaya mkiulizia kama kitatumika. Ndani ya saa 24 za mwanzo, maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, kutapika, homa au choo cheusi ni sababu ya kurudi hospitali bila kusubiri kupambazuke.

Njia ya pili ni upasuaji: mfuko unatolewa na mrija unafunguliwa, pengine ukaachwa na mpira wenye umbo la herufi T unaotoa nyongo nje. Mpira huo hupigwa picha yenye dawa kabla ya kutolewa, kuhakikisha hakuna kijiwe kilichobaki. Usitolewe kwa kukisia.

Akiwekewa kijimrija cha plastiki ndani ya mrija wa nyongo ili kuuacha wazi, andikeni tarehe kwenye kadi na kwenye simu. Huziba baada ya miezi 3 hivi, na lazima kibadilishwe au kitolewe. Tumewaona wengi wakirudi na usaha kwa sababu waliridhika manjano yalipoondoka. Na mfuko wenye vijiwe utolewe mapema, ikiwezekana ndani ya wiki 2 baada ya ERCP, la sivyo kijiwe kingine kitashuka.

Kuhusu malaria: kupima mtu mwenye manjano ni sahihi, kwani malaria kali huleta manjano. Kosa ni kurudia dawa kwa sababu mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, bado ni chanya. Kipimo hicho hubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Ombeni cha hadubini. Kipimo cha Widali nacho peke yake hakithibitishi taifodi.

*

Mtoto wangu ana wiki 5. Anyonya vizuri na uzito unaongezeka, lakini macho ni ya manjano na choo ni cheupe. Majirani wanasema nimwanike juani asubuhi.
Mama, Buzuruga

Mama, jua halitamsaidia. Mpeleke kesho asubuhi, na uende na nepi yenye choo chake. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati akiwa na manjano zaidi ya siku 14 anahitaji kupimwa bilirubini ya moja kwa moja. Ikizidi mikromoli 17 kwa lita, ni ini au mirija. Choo cheupe kinatutia wasiwasi kwamba mirija ya nyongo haikufunguka, au imejifunga baada ya kuzaliwa. Kunyonya vizuri kusikutulize, maana watoto hawa huonekana wazima mwanzoni. Upasuaji wa kuunganisha utumbo na ini, unaoitwa Kasai kwa jina la daktari wa Japani aliyeuanzisha, hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya siku ya 60. Wako ana siku 35 hivi. Sema kliniki, kwa maneno haya: "Choo chake ni cheupe, naomba rufaa leo." Ukiambiwa urudi baada ya mwezi, usikubali.

*

Mwanangu wa miaka 9 ana selimundu, na macho yake huwa ya njano siku zote. Nitajuaje kama ni nyongo?
Msomaji, Sengerema

Njano yake ya kila siku hutokana na chembe nyekundu kuvunjika, na bilirubini inayopanda ni ile isiyo ya moja kwa moja. Choo hubaki na rangi yake. Badiliko ndilo la kuangalia: njano iongezeke ghafla, choo kipauke, maumivu chini ya mbavu za kulia, au homa. Watoto wa selimundu hupata vijiwe vyeusi vya nyongo wakiwa wadogo, kwa hiyo usikubali kila maumivu ya tumbo yaitwe "krisisi" bila altrasaundi. Akihitaji upasuaji, timu iwe na mpango wa damu (mara nyingi himoglobini hupandishwa hadi karibu gramu 10), maji ya kutosha, oksijeni na joto.

*

Nilinunua ini la ng'ombe buchani, nikakuta minyoo bapa kwenye mirija. Tulishakula nusu. Je, nimeze dawa ya kichocho? Na samaki wa ziwa je?
Msomaji, Kirumba

Ini lililopikwa halikuambukizi. Mnyoo huo huingia kwa binadamu kupitia mboga za majini zinazoliwa mbichi, au maji yasiyochemshwa yenye vifuko vyake vidogo. Ila mayai yake mliyokula yanaweza kuonekana kwenye choo yakipita tu, kwa hiyo mkipima, acheni ini siku kadhaa kwanza, kisha rudieni kipimo. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, haiuui mnyoo huu. Dawa yake ni triklabendazoli, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito. Minyoo ya samaki wabichi inayosababisha saratani ya mirija ya nyongo ni tatizo la Thailand, Laos na majirani zao. Kula sato na dagaa wako, wakiwa wamepikwa.

*

Kunywa mafuta ya zeituni na limao usiku kunatoa vijiwe kweli? Nimeona vinavyotoka, ni vya kijani.
Msomaji, Igoma

Hapana. Hivyo vya kijani ni sabuni inayotengenezeka tumboni mwako kutokana na mafuta hayo na juisi ya limao. Ni laini, na vikipata joto huyeyuka. Altrasaundi ikirudiwa, vijiwe viko palepale. Mafuta mengi kwa mkupuo hukamua mfuko kwa nguvu, na kijiwe kidogo kinaweza kusukumwa hadi kwenye mrija na kukwama. Kama vijiwe vyako havijawahi kukuuma, kwa kawaida huhitaji dawa wala kisu. Vikianza kuuma, muone daktari wa upasuaji.