Mama amekuja Uingereza kututembelea, dawa zake zinakwisha

SWALI: Shikamoo mhariri. Mama yangu mzazi, miaka 67, amekuja Leicester kwa viza ya mgeni na atakaa miezi 5. Ana presha na sukari, na dawa alizobeba zimebaki za wiki mbili. Tulikwenda kwa daktari wa mtaa, mtu wa mapokezi akadai bili ya umeme na viza ya ukaazi. Tumpeleke wapi?

JIBU: Marahaba. Rudini palepale. Uingereza ina milango miwili, na wengi wetu huichanganya. Wa kwanza ni daktari wa mtaa, yaani GP: kumwona ni bure kwa kila aliyeko nchini, mgeni kwa mwenyeji. Mwongozo wa NHS ya England, yaani huduma ya afya ya umma, uko wazi kwamba kukosa kitambulisho, uthibitisho wa anwani au karatasi za uhamiaji si sababu ya kumkataa mtu. Ombeni fomu ya kujiandikisha, jazeni jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani ya nyumba mnayoishi. Muda wake uliobaki ukiwa chini ya miezi 3, aandikishwe kama mkaazi wa muda.

Wakikataa tena, msibishane. Ombeni sababu kwa maandishi. Wanatakiwa kuitoa ndani ya siku 14. Mara nyingi ombi hilo peke yake humfanya mtu wa mapokezi akamuulize meneja, na fomu ikapatikana. Kama mama hajui Kiingereza, ombeni mkalimani wa Kiswahili siku mnapoweka miadi. Ni bure, na ni salama kuliko mjukuu wa miaka 10 kumtafsiria bibi habari za sukari.

Nendeni na maboksi ya dawa yenyewe. Majina ya kibiashara ya dukani Dar es Salaam au Mombasa huenda daktari wa huku hayajui, lakini jina la dawa halisi na miligramu zake vimeandikwa kwenye boksi. Dawa moja kwenye cheti cha daktari hulipiwa pauni 9.90 huku England, ila aliyefikisha miaka 60 halipi.

Mlango wa pili ni hospitali, na hapo ndipo familia huumia. Chumba cha dharura ni bure, lakini akilazwa, au akipewa rufaa kwa daktari bingwa, bili inaanza. Mgeni hutozwa asilimia 150: tiba inayoigharimu NHS pauni 1,000 atalipia 1,500, na isiyo ya haraka hulipiwa kabla. Kwa hiyo GP akitaja rufaa, muulizeni kwanza kama inaweza kusubiri hadi mama arudi nyumbani. Anayetaka kumleta mzazi, amkatie bima ya safari kabla hajapanda ndege, na presha na sukari zitajwe kwenye fomu. Zikifichwa, bima haitalipa.

SWALI: Mke wangu ana mimba ya miezi 5 na viza yake imekwisha. Anaogopa kwenda kliniki. (Msomaji, Birmingham)

JIBU: Ndugu yangu, aende wiki hii. Huduma ya uzazi huhesabiwa kuwa ya lazima, na hospitali hairuhusiwi kuikataa wala kuichelewesha kwa sababu mama hana pesa. Anaweza kujiandikisha kwa mkunga moja kwa moja, bila kupitia kwa GP.

Lakini kwanza tazameni tarehe. Kama aliomba kuongezewa viza kabla ya ile ya zamani kuisha, na jibu halijatoka, haki zake za awali zinaendelea, na kama awali hakuwa wa kutozwa, hapaswi kutozwa sasa. Hospitali hukosea hapa mara kwa mara, kwa hiyo abebe barua ya kupokelewa kwa ombi. Kama hakuomba, bili itakuja. Msiikalie kimya: deni la pauni 500 au zaidi likipita miezi 2 hupelekwa Wizara ya Mambo ya Ndani, na linaweza kuzuia viza ijayo. Andikieni ofisi ya malipo ya hospitali mapema, mkitaja kiasi mnachoweza kulipa kila mwezi, na mtunze nakala ya makubaliano.

Vipimo na matibabu ya kifua kikuu, malaria na VVU havina malipo kwake, hata viza ikiwa imekwisha.