Ukianza kuchunguza ngoma na siasa, anzia kwenye mfuko

Wengi mnaoanza utafiti wa ngoma na siasa za pwani mnakimbilia mashairi. Mnakusanya mafumbo, mnayapekua mstari kwa mstari mkitafuta mkoloni kafichwa wapi. Nyimbo zitakuja. Kwanza uliza nani alinunua sare, nani alitoa ng'ombe wa karamu, nani alimwalika nani.

Chukua beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi. Ilizuka Lamu na Mombasa miaka ya 1890, na Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza bara pamoja na askari, wapagazi na makarani. Watu walipanga gwaride, wakapiga tarumbeta, wakavishana kofia za maafisa na kupeana vyeo: huyu Kingi, yule Jenerali. Tanganyika makundi makubwa yalikuwa Marini na Arinoti. Marini walijitia uungwana. Arinoti walivuta zaidi watu wa kazi za sulubu. Ukiona mpagazi kavaa kama kanali, kalamu inawasha kuandika kwamba anamkejeli Mzungu. Pengine kweli. Lakini mshindani aliyemkosesha usingizi alikuwa Arinoti au Marini wa mtaa wa pili, na fedha zilimwagwa ili yeye ndiye aaibike. Kejeli kwa mkubwa na mashauzi kwa jirani vilikaa ndani ya sare moja, na ukichagua kimoja tu umeipoteza ngoma.

Maafisa wa Kiingereza nao walichagua kimoja. Baada ya vita walishuku kwamba beni ni njama ya siri, wakaanza kuandikiana barua. Nyaraka hizo zisomeni, ila mjue zinaeleza zaidi hofu ya Bwana Shauri, yule afisa wa wilaya wa kikoloni, kuliko mawazo ya wachezaji.

Sasa njoo Dar es Salaam mwaka 1955. TANU, chama kinachodai uhuru wa Tanganyika, ina mwaka mmoja tu, na watumishi wa serikali wamekatazwa kujiunga na vyama vya siasa. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, anapewa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani. Anakwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wanawaita watu wao. Mtandao ulikuwepo tayari: wanachama wanaojuana, michango, mazoea ya kukusanyika na kushindana kwa wingi wa watu. Mama anayeuza maandazi hakuwa na mwajiri wa kumfukuza kazi kwa sababu ya kadi ya TANU. Kwa maoni yangu hapa ndipo utaifa wa mtaani ulipopata miguu, na mtafiti anayesoma hotuba za Nyerere peke yake hapaoni kabisa.

Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Unguja, nao ni darasa zuri. Wanaume wa pande mbili za mji wanachapana kwa migomba, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanapita wakiimba maneno ambayo siku nyingine yangeleta kesi. Siku hizi viongozi wa serikali huja, na watalii pia. Usinung'unike kwamba mila imeharibika. Angalia wakubwa wameketishwa wapi, na nyimbo zipi zinaimbwa wakiwepo na zipi zinasubiri waondoke.

Kwenye mahojiano, ukimuuliza bibi wa lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, wimbo fulani ulimaanisha nini, atakuambia ulikuwa wa kufurahisha watu tu, kwa sababu fumbo lililofumbuliwa kwa mgeni huweza kumrudia aliyelitunga. Muulize mlipikia kwa nani, mchele ulitoka wapi, nani alitoka kikundini kwa hasira na akahamia kipi. Hapo atasahau kinasa sauti. Majina ya waliosutwa usiyachapishe. Wajukuu zao bado wanaishi mitaa ile ile. Na kama kikundi kina daftari la michango, omba kulipiga picha kabla hujaomba nyimbo.