Re: Samaki wangu aina ya beta kalala chini ya mtungi, mapezi kayabana

Pole ndugu. Umesema samaki yuko kwenye mtungi wa lita 2, Nairobi, mwezi wa Julai: mimi ningeanza na baridi. Huyu asili yake Thailand, anataka maji ya nyuzi 25 hadi 27. Tafuta hita ndogo na kipimajoto, umhamishie kwenye tangi la lita 20 hivi, lenye mfuniko, ila usilijaze hadi juu, maana hupanda kuvuta hewa. (Aliyekwambia beta anapenda kichupa alikuwa anauza vichupa.) Maji usimwage yote, badilisha robo kila wiki, na ya bomba yatie kwanza dawa ya kuondoa klorini. Chakula ni punje tatu nne asubuhi na jioni, zikibaki zitoe. Dume mwenzake usimwekee kabisa, watararuana.